Hodi Kwenye Ripo ya Faragha: Maswali Yenu Kuhusu Tokeni na Vyeti

Barua nyingi za mara hii zimekuja na kilio kimoja: faili lipo, mwenyewe nimeliweka, na kompyuta inanikatalia. Tumechagua nane.

Kabla ya jibu lolote, shikeni jambo hili, maana majibu karibu yote yamesimama juu yake. Kulifikia faili la ripo ya faragha, yaani ghala la mafaili mtandaoni, kama la GitHub au GitLab, ambalo asiyealikwa halioni, kuna hodi mbili. Ya kwanza ni wewe kuhakikisha kuwa nyumba uliyoifikia ndiyo yenyewe: seva, kompyuta inayotunza ripo, inatoa cheti, hati ya utambulisho wake, na kompyuta yako inakikagua. Ya pili ni mwenye nyumba kukutambua wewe: unatoa tokeni, neno refu la siri linaloshika nafasi ya nywila, au ufunguo, na seva inakagua. Ya kwanza ikigoma, ya pili haijafikiwa kabisa. Anayetengeneza tokeni mpya ili kuponya kosa la cheti anajichosha bure. Ujumbe wenye neno `certificate` au `SSL` ni wa hodi ya kwanza. Wenye 401, 403, 404 au `Permission denied` ni wa hodi ya pili.

Assalamu alaikum wahariri. Nina ripo ya faragha GitHub yenye orodha ya bei za viungo vya dukani. Nilibonyeza "Raw", nikanakili kiungo, nikakitia kwenye skripti ya kompyuta ya duka ivute bei kila asubuhi. Siku ya kwanza ilikubali. Sasa inaleta 404, na nikitazama kwenye brauza faili lipo pale pale. Nimejaribu kutia jina na nywila yangu, wapi! Msomaji, Wete.

Waalaikumu salaam. Faili lako halijaenda popote. Kitazame tena kile kiungo mpaka mwisho: kina mkia unaoanza na `?token=`. Mkia ule ni ruhusa ya muda mfupi ambayo GitHub iliipa brauza yako kwa kuwa ulikuwa umeshaingia kwenye akaunti. Umeshakufa. Na GitHub haimwambii asiyejulikana kuwa "faili lipo ila huruhusiwi", kwa sababu kusema hivyo tu ni kutoa siri kwamba ripo hiyo ipo. Humjibu 404, kama nyumba iliyosikia hodi ikanyamaza. Kwa hiyo 404 kwenye ripo ya faragha ina maana mbili: hakuna kitu, au kipo na wewe huonekani.

Nywila nayo haitakusaidia. GitHub iliacha kupokea nywila za akaunti kwa kazi za Git, ile programu inayovuta na kupeleka mafaili ya ripo, tarehe 13 Agosti 2021. Unahitaji tokeni. Ingia "Settings", kisha "Developer settings", "Personal access tokens", "Fine-grained tokens". Chagua "Only select repositories" na uweke ripo hiyo moja tu. Kwenye ruhusa, chagua "Contents" na uipe "Read-only". Weka tarehe ya mwisho na uiandike kwenye kalenda ya duka, maana siku itakapofika skripti itazimika bila kukuaga. Tokeni huanza na herufi `github_pat_` na huonyeshwa mara moja tu.

Usiitie ndani ya skripti. Iweke kwenye faili lake, ulifunge kwa `chmod 600` ili wewe peke yako ulisome, kisha vuta kwa curl, programu ya kushusha mafaili kwa amri:

```
TOKENI=$(tr -d '\r\n' < ~/.tokeni_bei)
curl -fL -H "Authorization: Bearer $TOKENI" \
  -H "Accept: application/vnd.github.raw+json" \
  -o bei.json \
  "https://api.github.com/repos/MMILIKI/RIPO/contents/data/bei.json?ref=main"
```

Ile `tr` mwanzoni si pambo. Tokeni ikiandikwa kwa Notepad ya Windows kisha faili likapelekwa Linux, mwisho wa mstari hubaki alama isiyoonekana, na tokeni nzima kabisa hukataliwa. Ukitaka kuiona, andika `cat -A ~/.tokeni_bei`: mwisho wa mstari utatokea `^M$` badala ya `$`. Tokeni nyingi zinazoambiwa mbovu ubovu wao ni huo tu.

Herufi `-f` nayo ina kazi kubwa. Bila hiyo, curl hupokea ujumbe wa kosa na kuuhifadhi kama ndio `bei.json`, na duka lako linafungua asubuhi na orodha ya bei yenye maneno "Not Found".

Sasa soma majibu kwa namba. Ukipata 401 na `Bad credentials`, tokeni imekosewa, imefutwa au muda wake umekwisha. Ukipata 403 na `Resource not accessible by personal access token`, tokeni inajulikana ila ruhusa ya "Contents" haikutiwa. Zipo 403 za kuzidisha maombi pia: asiyejitambulisha ana maombi 60 tu kwa saa kwa anwani moja ya intaneti, na watu wa mtandao mmoja hugawana hiyo hiyo, mwenye tokeni ana 5,000. Ukiendelea kupata 404, angalia njia ya faili herufi kwa herufi, maana `Bei.json` na `bei.json` ni mafaili mawili, kisha angalia tawi, yaani toleo la ripo unalovuta, lile la `ref=` mwishoni mwa anwani: ripo zilizoanzishwa GitHub tangu Oktoba 2020 kwa kawaida zina `main`, za zamani zina `master`.

Mtego mmoja umewanasa wengi. Kama ripo hiyo iko kwenye akaunti ya ndugu yako na wewe umealikwa tu, tokeni ya aina hii haiioni hata ukifanya kila kitu sawasawa. Hapo kuna tokeni ya zamani, "classic", yenye ruhusa ya `repo`, lakini hiyo inafungua ripo zako zote kwa pamoja, nasi hatupendi kuiona kwenye kompyuta ya kaunta. Bora ndugu yako aweke "deploy key": ufunguo wa SSH (njia ya kuingia kwa faili la ufunguo badala ya nywila) wa ripo hiyo moja, wa kusoma tu. Ukiibiwa kompyuta, anafuta ufunguo mmoja na mambo mengine yanabaki salama.

Ofisini tuna seva yetu ya GitLab. Cheti tumebadilisha wiki iliyopita. Brauza inafungua vizuri na kufuli linaonekana, lakini `git clone` inasema `SSL certificate problem: unable to get local issuer certificate`. Fundi anasema kosa ni la kompyuta zetu. Msomaji, Mji Mkongwe.

Kompyuta zenu hazina kosa. Seva inatoa cheti nusu.

Cheti cha seva hakijasainiwa moja kwa moja na mzizi, yaani cheti kikuu, ambao kompyuta inauamini. Katikati kuna cheti cha kati: mzizi umesaini cha kati, cha kati kimesaini cha kwenu. Kompyuta ina mzizi tayari. Seva inatakiwa ilete viwili vilivyobaki. Ikileta chake peke yake, mnyororo unakatika. Brauza nyingi husitiri aibu hiyo, kwani ama zimekihifadhi cheti cha kati tangu zamani ama hukifuata zenyewe kwenye anwani iliyoandikwa ndani ya cheti. Git na curl kwa kawaida hazifanyi hivyo. Ndiyo maana mtu anabishana na fundi siku nzima na kila mmoja ana ushahidi wake kwenye skrini.

Maliza ubishi kwa amri hii. Kwenye Windows iandike ndani ya Git Bash, maana openssl inakuja nayo:

```
openssl s_client -connect git.ofisi.example:443 \
  -servername git.ofisi.example -showcerts </dev/null
```

Tazama sehemu iliyoandikwa `Certificate chain`. Kila cheti kina namba, mstari wa `s:` unaotaja mwenye cheti, na wa `i:` unaotaja aliyekisaini. Jina la `i:` la cheti namba 0 lazima lirudi kwenye `s:` ya cheti namba 1. Mkiona namba 0 peke yake, na chini kabisa `Verify return code: 21 (unable to verify the first certificate)`, mmeshapata jibu la kumpelekea fundi.

Kama cheti ni cha Let's Encrypt, watoaji wa vyeti vya bure, na mbele kuna nginx, programu inayopokea maombi ya seva, kosa karibu kila mara ni mstari mmoja. Ndani ya `/etc/letsencrypt/live/` kuna `cert.pem` na kuna `fullchain.pem`. Cha kwanza ni cheti chenu peke yake. Nginx inataka cha pili:

```
ssl_certificate     /etc/letsencrypt/live/git.ofisi.example/fullchain.pem;
ssl_certificate_key /etc/letsencrypt/live/git.ofisi.example/privkey.pem;
```

Kisha `nginx -t`, na ikisema sawa, `systemctl reload nginx`.

Kama cheti kimenunuliwa, muuzaji huleta mafaili mawili nanyi mnayaunganisha wenyewe, chenu kikitangulia: `cat chetu.crt kati.crt > kamili.crt`. Lifungueni faili hilo mlitazame pale mafaili yalipoungana. Faili la kwanza likikosa alama ya kuvuka mstari mwishoni, maneno hushikana hivi: `-----END CERTIFICATE----------BEGIN CERTIFICATE-----`, na nginx inagoma kuwaka. Bonyezeni Enter katikati, vistari vitano vibaki kila upande.

Na kwa kuwa mmeshafungua seva, malizeni kazi. Cheti cha Let's Encrypt cha kawaida ni cha siku 90. Certbot, programu inayokiomba, hukihuisha yenyewe, lakini nginx inaendelea kushika kile cha zamani kwenye kumbukumbu mpaka iambiwe isome upya. Ndipo wanapotokea watu wenye cheti kipya kwenye diski na kilichokufa kwenye mtandao. Endesheni mara moja `certbot renew --dry-run` kuona kama njia iko wazi (ikiwa uthibitisho ni wa HTTP, mlango (port) 80 lazima ufikike kutoka nje), na muweke `--deploy-hook "systemctl reload nginx"`.

Jambo moja la pembeni: yule anayeifikia seva kwa namba, `https://192.168.1.20`, ataambiwa jina halilingani hata mnyororo ukitimia. Cheti kimeandikwa jina. Atumie jina.

Umeme ulikatika usiku, uliporudi kompyuta ya skuli ikawa inakataa kila kitu: `certificate is not yet valid`. Tumesanikisha Git upya mara mbili. Mwalimu, Chake Chake.

Mwalimu, tazama saa ya kompyuta kabla ya kusanikisha mara ya tatu. Cheti kina tarehe ya kuanza na ya kwisha. Kompyuta iliyopoteza saa na kurudi miaka nyuma huona kila cheti cha leo kama cha mtu ambaye hajazaliwa.

Kwenye kompyuta ya mezani chanzo ni betri ya duara iliyo kwenye ubao, CR2032 ya volti 3. Umeme ukiwepo haionekani kama imechoka. Ukikatika ndipo saa inaposimama. Zima, chomoa waya ukutani, bana kile kishikizo kidogo pembeni, betri itaruka juu. Mpya huingia upande wa alama ya kujumlisha ukitazama juu. Ukiwa na mita, mpya husoma juu kidogo ya 3. Ikishuka kuelekea 2.5, itupe. Raspberry Pi nyingi hazina betri ya saa kabisa, hizo husubiri mtandao ziulize saa kila zinapowaka.

Linux: `timedatectl set-timezone Africa/Dar_es_Salaam`, kisha `timedatectl set-ntp true`. Windows: chagua eneo la saa "(UTC+03:00) Nairobi", washa saa ijiweke yenyewe, na ukitaka haraka, `w32tm /resync` kwenye dirisha la msimamizi. Kama mtandao wenu umefunga mlango 123 wa UDP saa haitajiweka. Hapo iulize seva yoyote kwa njia isiyotumia cheti: `curl -sI http://www.google.com` italeta mstari wa `Date` kwa saa za Greenwich. Ongeza 3, kisha iweke kwa mkono.

Na hapa kuna kosa la kwetu khasa. Ikifika saa tatu asubuhi, mtu huandika 3:00 kwenye kompyuta. Kompyuta inataka 09:00. Imeshabaki nyuma saa 6, na dalili yake inababaisha: GitHub inafunguka, kwa kuwa cheti chake kina siku nyingi, ila seva ya karibu iliyobadilishwa cheti asubuhi hiyo inakataliwa mpaka mchana. Kosa jengine baya zaidi ni saa inayoonekana sawa wakati eneo la saa si letu. Kompyuta imeletwa ikiwa na saa za Marekani magharibi, mtu akasogeza mishale mpaka ikalingana na ya ukutani. Kwa macho iko sawa, ndani iko mbele kwa saa 10 au 11. Hiyo ikitokea kwenye simu, hata zile tarakimu 6 za uthibitisho wa hatua mbili hazikubaliki, kwani hubadilika kila sekunde 30 kwa kufuata saa ya dunia. Tengeneza eneo kwanza, saa baadaye.

Niko hotelini Paje, kila nikivuta ripo naambiwa jina la cheti halilingani. Nyumbani hakuna shida. Msomaji.

Wi-Fi ya hoteli bado haijakupokea. Inakamata kila ombi ili ikupeleke kwenye ukurasa wa kutia vocha, na ombi la HTTPS likikamatwa, cheti kinachojibu ni cha kile kisanduku cha hoteli. Fungua brauza, andika `http://neverssl.com` bila herufi s baada ya http, tia vocha, rudi kwenye kazi yako. Usikubali kabisa kitufe cha kuendelea bila usalama wakati tokeni iko njiani.

Mwenzangu wa darasa kaniambia nikipata kosa la cheti niandike `git config --global http.sslVerify false`. Kweli ilikubali. Lakini mwengine kasema ni hatari. Hatari gani, na ripo ni ya mradi wa skuli tu? Mwanafunzi, Tunguu.

Mwengine kasema kweli, na tunakuomba uiondoe amri hiyo leo. Amri ile haikutengeneza chochote. Imeiambia Git ikubali cheti cha yeyote. Git ikishakubali, hutuma jina na tokeni zilizofungwa kwa base64, na base64 si fumbo, hufunguliwa kwa amri moja. Mtu aliye kwenye Wi-Fi moja nawe anaweza kusimama katikati akajitia kuwa seva, nawe unamkabidhi tokeni kwa mkono wako. Mradi wa skuli huenda hauna thamani kwake, lakini tokeni inayoandika kwenye ripo zako inampa uwezo wa kutia msimbo kwa jina lako. Na kwa neno `--global` umefungua milango ya ripo zote kwenye kompyuta hiyo, za leo na za kesho.

Itafute ilipojificha:

```
git config --show-origin --get-regexp sslverify
git config --global --unset-all http.sslVerify
env | grep -E 'GIT_SSL_NO_VERIFY|NODE_TLS_REJECT'
```

Pekua na skripti zako kutafuta `curl -k`, na faili la `~/.curlrc` kama lina neno `insecure`. Halafu badilisha tokeni uliyoitumia siku zote hizo.

Sasa tutibu ugonjwa wenyewe. Andika `curl -v https://github.com` na usome mstari wa `issuer`. Ukikuta jina la antivairasi au la kifaa cha ulinzi cha mtandao wenu, basi kuna kinachofungua mawasiliano katikati, kuyakagua, na kuyafunga tena kwa cheti chake. Brauza inakubali kwa sababu mzizi wake umetiwa kwenye hifadhi ya vyeti ya Windows. Git ina hifadhi yake. Kwenye Windows, amri moja inatosha: `git config --global http.sslBackend schannel`, na Git itatumia hifadhi ya Windows. Kwenye Ubuntu, mwombe msimamizi wa mtandao faili la cheti cha mzizi akupe mkononi. Usilichote kwenye mtandao ule ule unaoutilia shaka. Linganisha alama zake (`fingerprint`) naye uso kwa uso:

```
openssl x509 -in mzizi.crt -noout -subject -dates -fingerprint -sha256
```

Zikilingana, linakili kwenye `/usr/local/share/ca-certificates/`, jina lake liishie `.crt`, kisha `sudo update-ca-certificates`. Amri ikijibu `0 added`, kwa kawaida faili limeishia `.cer` au `.pem`. Na kama ukilifungua huoni maneno `BEGIN CERTIFICATE` bali takataka tupu, ligeuze: `openssl x509 -inform der -in mzizi.cer -out mzizi.crt`.

Programu nyingi za Python, na Node, hazisomi hapo kwa kawaida. Za Python zinazotumia requests zielekeze kwa `REQUESTS_CA_BUNDLE=/etc/ssl/certs/ca-certificates.crt`, Node kwa `NODE_EXTRA_CA_CERTS` ikionyesha faili la mzizi. Ndiyo sababu Git inaweza kupona na pip ya zamani, kisanikishi cha Python, ikabaki mgonjwa.

Natumia SSH. Nyumbani inafanya kazi, kazini inakwama muda mrefu halafu `Connection timed out`. Nikahamisha ufunguo kwa fleshi kwenda kompyuta nyengine, huko nako `UNPROTECTED PRIVATE KEY FILE`. Msomaji, Mkoani.

Ni mambo mawili tofauti. Kazini wamefunga mlango 22. GitHub inasikiliza SSH kwenye 443 pia, ila kwa jina jengine. Ndani ya `~/.ssh/config` andika:

```
Host github.com
  HostName ssh.github.com
  Port 443
  User git
```

Jaribu `ssh -T git@github.com`. Jibu zuri linaanza na `Hi` na jina lako. Yale maneno yanayofuata kuwa haitoi `shell access` si kosa. Jina mbele ya alama ya @ ni `git` siku zote, si lako.

La fleshi: umeutumia ufunguo ukiwa bado ndani ya fleshi. Fleshi zilizoumbizwa FAT au exFAT hazihifadhi ruhusa za Linux, kwa hiyo `chmod 600` inapita kimya bila kubadilisha kitu. Unakili kwenda `~/.ssh/` kisha ndipo uifanye. Bora zaidi, usihamishe ufunguo kabisa. Kila kompyuta itengeneze wake kwa `ssh-keygen -t ed25519`, na upeleke GitHub lile faili la `.pub` tu. Fleshi hupotea kwenye daladala.

Na ukikuta onyo kuwa utambulisho wa GitHub umebadilika kwenye kompyuta iliyokaa kabatini miaka mingi: GitHub ilibadilisha ufunguo wake wa RSA tarehe 24 Machi 2023. Futa kumbukumbu ya zamani kwa `ssh-keygen -R github.com`, na kabla ya kujibu `yes` linganisha alama na zile zilizochapishwa kwenye ukurasa wa GitHub wenyewe.

Faili la jedwali la maji kujaa na kupwa linashuka bila kosa, lakini Excel inasema limeharibika. Jengine la picha za matumbawe lina mistari mitatu tu ya maandishi! Msomaji, Nungwi.

La kwanza silo faili. Andika `file jedwali.xlsx`; ukijibiwa `HTML document`, umeshusha ukurasa. Ama ulitumia kiungo chenye `/blob/`, ambacho ni cha kutazama kwa macho, ama seva ya GitLab haikukutambua ikakupeleka kwenye ukurasa wa kuingia, na huo ukaja na jibu la 200 kama vile mambo ni shwari. Kwa GitLab pita njia ya API, mlango uliowekewa programu, na mikwaju ya ndani ya njia ya faili uiandike `%2F`:

```
curl -f -H "PRIVATE-TOKEN: $TOKENI" -o jedwali.xlsx \
 "https://git.ofisi.example/api/v4/projects/NAMBA/repository/files/data%2Fjedwali.xlsx/raw?ref=main"
```

Tokeni iwe na `read_repository`, inatosha.

La pili, kama mstari wa kwanza ni `version https://git-lfs.github.com/spec/v1`, ulichonacho ni stakabadhi. Mzigo wenyewe uko kwenye ghala la LFS, la mafaili makubwa. Sanikisha git-lfs, kisha ndani ya ripo `git lfs install` na `git lfs pull`. Mstari wa `size` kwenye ile stakabadhi unataja ukubwa kwa baiti, utazame kabla hujamaliza bando.

Kompyuta ya ofisi ilikuwa ya mfanyakazi aliyeondoka. Nikivuta ripo yetu: `Repository not found`. Na la pili, kijana wetu amepachika tokeni kwenye grupu la WhatsApp ili wenzake wavute mafaili. Ameshaufuta ujumbe. Yatosha? Msomaji, Malindi.

Windows bado inamtambulisha yule aliyeondoka. Fungua "Credential Manager", "Windows Credentials", tafuta `git:https://github.com`, iondoe. Ukivuta tena utaulizwa nawe utaingia kwa akaunti yako. Kompyuta ikitumiwa na akaunti mbili, `git config --global credential.https://github.com.useHttpPath true` itaifanya ikumbuke kila ripo na mtu wake.

La tokeni: haitoshi. Ujumbe umeshasomwa na kunakiliwa, na kila aliyeutumia anayo kwenye historia ya terminali. Tena wengi huitia ndani ya anwani ya ripo, ikabaki imeandikwa waziwazi. Andika `git remote -v` kwenye kompyuta ya kila mmoja; ukiiona humo, safisha kwa `git remote set-url origin https://github.com/MMILIKI/RIPO.git`. Lakini hilo ni la baadaye. Sasa hivi ingia GitHub, "Personal access tokens", bonyeza "Delete" kwenye tokeni hiyo, kisha pitia "Security log" uone imefanya nini tangu saa ile ilipotumwa. Wenzake waalikwe kwenye ripo, kila mmoja na tokeni yake.